Katika Kuitafuta Asili ya Gavana Bradford

Watu wa pwani yetu wakikutana ugenini huulizana ukoo kabla ya kuulizana kazi wala mali. Na aulizwaye, akiwa amelelewa vyema, humtaja baba yake, na baba wa baba yake, na mtaa waliokaa, na mji waliotoka kabla ya mtaa ule, mpaka ifike mahali damu mbili zikakutana au ikathibiti kwamba hazina makutano. Ada hii tumeirithi, na aghalabu tunaifanyia fahari, kana kwamba mataifa mengine hayawajui babu zao. Walakini katika safari zangu sijakutana na watu wenye shauku ya nasaba kuwashinda Wamarekani, hasa wale wa majimbo ya kaskazini mashariki, ambao huweza kuvuka bahari kwa gharama kubwa ili kulitazama jina moja lililoandikwa kwa wino uliofifia katika daftari la kanisa la kijijini, kisha wakarudi kwao wameridhika kama aliyetoka hija.

Rafiki yangu mmoja wa Massachusetts, bibi mtu mzima aliyepata kusomesha nami katika skuli moja ya Mombasa zama za ujana wetu, ni mmoja wa watu hao. Kwao hurithishana neno kwamba wao ni wazawa wa William Bradford, ambaye alikuwa miongoni mwa abiria 102 waliosafiri na merikebu ya Mayflower mwaka 1620, akachaguliwa mwaka uliofuata kuwa gavana wa koloni la Plymouth baada ya kufa John Carver aliyemtangulia, na akashika madaraka hayo, kwa kupumzishwa mara chache tu, karibu mpaka alipokufa mwaka 1657. Miguu ya bibi huyu haimruhusu tena safari ndefu, basi aliposikia kwamba ninakaa Uingereza kwa mpwa wangu, aliniandikia waraka kwa Kiswahili chake ambacho hakijachuja: "Mwalimu, nenda Austerfield ukanitazamie. Usiniletee hadithi tamu, niletee kilichoandikwa."

Niliikubali kazi ile kwa furaha, kwa kuwa sharti lake lilikuwa ndilo sharti nililolelewa nalo. Kabla ya kutiwa skuli nilisomeshwa chuoni na sheikh ambaye hakuchoka kutwambia kwamba habari haipimwi kwa utamu wake, hupimwa kwa sanadi yake: nani kaipokea kwa nani, na je, wawili hao waliishi zama moja, na je, yule wa mwanzo aliliona jambo kwa macho yake au naye alisimuliwa. Habari iliyotimiza masharti huitwa sahihi, na yenye kiungo kilegevu huitwa dhaifu, hata ikiwa inapendeza namna gani. Mizani hiyo ndiyo niliyoichukua safarini.

Ajabu ya kwanza niliikuta kabla sijatoka nyumbani, nayo ni kwamba kijiji nilichotumwa kukitazama kilikuwa kimepotea kwa karibu karne moja na nusu. Gavana Bradford aliandika kitabu kirefu cha historia ya jamaa zake wa dini, lakini katika kitabu hicho hakujisumbua kukitaja kijiji alichozaliwa. Aliyekitaja ni Cotton Mather, kasisi wa Boston ya Marekani, katika kitabu kikubwa kilichochapishwa London mwaka 1702; na humo, ama kwa kalamu ya mwandishi ama kwa mkono wa mpiga chapa, herufi moja iligeuka, na Austerfield ikatoka Ansterfield. Wasomaji wa maandishi ya Kiarabu wanajua madhara ya nukta moja iliyowekwa juu badala ya chini. Watu waliitafuta Ansterfield katika ramani za Uingereza wasiione, kwa sababu haiko, na mlango wa utafiti ukafungwa kwa muda wote huo.

Aliyeufungua mlango ule ni Joseph Hunter, mzaliwa wa Sheffield, aliyeanza maisha yake kwa kuhubiri na kuyamaliza kwa kutunza nyaraka za serikali. Huyu alikuwa amekwisha kuandika historia ya nchi inayozunguka mji wa Doncaster, kijiji kwa kijiji, shamba kwa shamba, na kwa hivyo alipolisoma jina lile lililokosewa alilitambua kama mtu anavyoitambua sura ya jirani yake. Mwaka 1849 alichapisha aliyoyagundua: ya kwamba Ansterfield ni Austerfield, na ya kwamba nyumba ya askofu ambamo Bradford anasema jamaa zake walikuwa wakikutana kusali kwa siri ilikuwa ni jumba la Askofu Mkuu wa York katika kijiji cha Scrooby, mwendo mfupi kusini ya hapo. Wamarekani wakaanza kumiminika, na hawajaacha mpaka leo.

Mpwa wangu alinichukua kwa gari asubuhi moja ya baridi kali. Tuliipita Doncaster, tukashuka kusini mashariki kuelekea Bawtry, mji mdogo ambao zamani ulikuwa bandari ya mto, ukipakia bidhaa za bara katika mashua za mto Idle; na kabla ya kuufikia tukakata upande wa kushoto tukaingia Austerfield. Atakayekwenda huko kwa kutazamia fahari atasikitika. Ni kijiji cha njia moja, nyumba zake za matofali zimejipanga huku na huku, na nyuma yake mashamba tambarare yasiyo na kilima wala bonde la kumburudisha mtazamaji. Ipo nyumba moja ya zamani inayotajwa kwamba ndimo alimozaliwa gavana. Niliitazama kwa nje na nikaiandika katika daftari langu upande wa habari dhaifu, kwani hakuna hati ya zama zake iliyotaja nyumba.

Kanisa ni jambo jingine. Linaitwa kwa jina la Mtakatifu Helena, nalo limejificha nyuma ya nyumba, dogo, la mawe, na umri wake ni wa enzi za Wanormani, yaani lilikuwa limekwisha kuwa kikongwe siku aliyoletwa Bradford kubatizwa. Juu ya mlango wa kusini, chini ya tao lililochongwa mikunjo kama meno ya msumeno, limo jiwe lenye sura ya joka, kazi ya patasi nzito isiyo na madaha, mkia umejipinda na kinywa kimeelekea upande. Nililitazama joka lile kwa muda mrefu, kwa sababu katika vitu vyote nilivyooneshwa Austerfield lilikuwa ndilo ninaloweza kuliapia: mtoto yule, na mama yake, na babu zake wote wawili, walipita chini yake. Ndani mna birika la ubatizo, na mna upenu wa kaskazini uliojengwa upya mwishoni mwa karne ya 19 kwa ihsani ya Wamarekani walio wazawa wa Mayflower, kwa ajili ya kumkumbuka gavana. Mzee mmoja mwenye funguo alitueleza haya kwa upole na utaratibu, na ilikuwa dhahiri kwamba amekwisha kuyaeleza kwa watu wengi.

Daftari lenyewe haliachwi kanisani likaliwa na unyevu. Limo katika hifadhi ya nyaraka, na wageni husoma picha zake. Hapo ndipo tulipokwenda kukaa, mimi na mpwa wangu, mbele ya kioo, tukiusoma mwandiko wa zama za Malkia Elizabeth wa Kwanza, ambao herufi zake zimekokotwa na kufungamana hata jina la kawaida huwa kama fumbo. Inafaa msomaji ajue asili ya madaftari haya. Mwaka 1538 Thomas Cromwell, waziri wa Mfalme Henry wa Nane, aliamrisha kila kanisa la Uingereza liwe na kitabu cha kuandikia waliobatizwa, waliooana na waliozikwa. Na mwaka 1598 ikatoka amri nyingine kwamba karatasi za zamani, zilizokuwa zikichakaa, zinakiliwe katika ngozi, hasa tangu mwaka wa kwanza wa utawala wa Elizabeth, yaani 1558. Kwa hivyo madaftari mengi huanzia hapo, na kabla ya hapo kimya. Mkulima wa Kiingereza asiyekuwa na cheo akiweza kufuatiliwa mpaka katikati ya karne ya 16, jamaa zake na wahesabu wamepata bahati.

Tuliona. William, mwana wa William Bradford, alibatizwa tarehe 19 Machi. Lakini mwaka ulioandikwa ni 1589, ilhali vitabu vyote husema 1590, na mpwa wangu akadhani kwamba tumeangukia mtoto mwingine. Nilimweleza kwamba Waingereza wa zama zile waliuanza mwaka mpya tarehe 25 Machi, wasiuanze Januari, na wakaendelea hivyo mpaka sheria ilipobadilisha jambo hilo mwaka 1752. Basi mtoto aliyebatizwa siku sita kabla ya mwaka kugeuka aliandikwa katika mwaka ambao kwa hesabu ya leo ulikuwa umekwisha kupita. Sisi tunaoishi kwa kalenda mbili, tukifunga kwa mwezi na kulipa kodi kwa jua, hatuna sababu ya kubabaishwa na hesabu kama hiyo. Walakini nasaba nyingi za Kimarekani zimeharibika papo hapo, kwa mtu kuhesabiwa amezaliwa kabla ya wazee wake kuoana, au baada ya baba yake kufa. Na la pili la kuzingatia ni kwamba daftari hutaja siku ya ubatizo, halitaji siku ya kuzaliwa. Anayeandika kwamba Bradford alizaliwa 19 Machi ameongeza neno ambalo shahidi hakulisema.

Tulipozidi kufunua, habari ya nyumba ile ilijipanga yenyewe, mstari mmoja hapa na mstari mmoja kule. William Bradford na Alice Hanson walioana Juni 1584. Baba akazikwa Julai 1591, mtoto akiwa na umri wa mwaka mmoja na miezi. Mama akaolewa tena, na mtoto akapelekwa kwa babu yake wa kuumeni. Babu naye akafa mwanzoni mwa 1596. Mtoto akarudishwa kwa mama, na mama akafa mwaka uliofuata. Yatima huyo wa miaka saba akachukuliwa na ami zake, Robert na Thomas, wakamlea kwa kazi ya kulima na kuchunga. Mather anasimulia kwamba alikuwa mgonjwa mgonjwa utotoni, na kwa sababu hiyo alijifunza kusoma kuliko watoto wa kulima walivyokuwa wakijifunza. Akiwa na miaka 12 hivi alikuwa ameivamia Biblia, na baada ya muda akawa akienda kwa miguu mpaka Babworth, takriban maili kumi, kumsikiliza kasisi Richard Clyfton ambaye mafundisho yake hayakuwapendeza maaskofu.

Mpwa wangu, ambaye alikuwa kimya kitambo, akasema, "Mjomba, watu hawa wana haja gani na taabu yote hii? Mimi hapa nakutajia mababu saba bila ya karatasi."

Nikamwambia, "Nitajie."

Akawataja, mmoja baada ya mmoja, kwa ufasaha, kama alivyofundishwa na baba yake. Nikamwuliza babu wa nne alizikwa wapi, na mama yake aliitwa nani, na nani aliyemwona. Akacheka, akasema, "Hayo Mjomba kamuulize marehemu."

Nilicheka naye, lakini jibu lake ndilo lililokuwa limelala chini ya swali la bibi wa Massachusetts. Nasaba yetu ni ndefu na nyembamba: inapanda kwa wanaume peke yao, jina juu ya jina, mpaka Shirazi au Hadhramaut au Omani, na nyuma ya jina hapana kitu. Nasaba ya Bradford ni fupi na nene. Katika orodha ya kodi ya mwaka 1575 ni watu wawili tu wa Austerfield waliohesabiwa kuwa na mali ya kutozwa, William Bradford na John Hanson. Na hao wawili ndio babu wa gavana, mmoja kuumeni na mmoja kuukeni. Wasia za watu wa nchi ile, zilizowekwa York, hutaja ng'ombe, na jembe, na binti aachiwe nini. Kwa hivyo juu ya babu yule tunajua alicholima, alichotozwa, mwezi aliozikwa, na mkwewe alikuwa nani. Juu zaidi ya hapo mwanga hufifia upesi, na mtafutaji mwaminifu hana budi kuweka kalamu chini.

Kuweka kalamu chini ndiko kunakowashinda wengi. Tajiri wa New York au Boston aliyekwisha kupata kila kitu hakupenda kuambiwa kwamba asili yake ni mkulima wa kijiji kisicho na kilima. Alitaka mpanda farasi, au lodi, au, ikiwezekana, mfalme. Palipo na mnunuzi hapakosi muuzaji. Mashuhuri katika wauzaji hao ni Gustave Anjou, aliyekufa mwaka 1942, ambaye aliishi Marekani akitunga shajara za koo za matajiri kwa malipo makubwa, akichanganya hati za kweli na hati ambazo hazikupata kuandikwa na mtu yeyote ila yeye. Na mpaka leo wahakiki wanaendelea kuyang'oa majina aliyoyapanda katika vitabu vya watu. Nasi tusijione tumesalimika. Wangapi pwani wamejipandishia ukoo kwa karatasi iliyonunuliwa, na wangapi wameona haya kumtaja bibi aliyetoka bara?

Kutoka Austerfield tulikwenda Scrooby. Jumba la Askofu Mkuu limebomoka zamani, na kipande kilichosalia ni nyumba ya mtu binafsi, hivi kwamba mgeni hutosheka kuitazama kwa mbali, ng'ambo ya malisho, na kulisikia gari moshi la London likipita karibu yake kwa kishindo. Humo William Brewster, mwenyeji wa sala zile za siri, alikuwa msimamizi wa posta ya njia kuu ya kaskazini, na hesabu za malipo ya posta zenye jina lake ni katika ushahidi uliomwezesha Hunter kuhukumu. Tukaendelea mpaka Boston, ile ya Lincolnshire iliyoipa jina Boston ya Marekani, ambapo mwaka 1607 jamaa hao wa sala za siri walijaribu kutoroka kwenda Uholanzi, nahodha waliyemlipa akawasaliti, wakapekuliwa na kuvuliwa mali yao, wakafungwa. Vyumba vya mahabusu huoneshwa mpaka leo katika jumba la mji, vimefinyana na havina hewa.

Mwaka uliofuata 1607 walifanikiwa kuvuka, nami nikawafuata kwa njia nyepesi ya merikebu ya usiku mpaka Uholanzi. Huko Amsterdam, katika hifadhi ya nyaraka za mji iliyomo katika jengo kubwa la De Bazel, niliusoma mstari ambao kwangu mimi ulikuwa na thamani kuliko mnara wowote niliooneshwa katika safari nzima. Ni tangazo la posa la mwishoni mwa mwaka 1613. Karani wa Kiholanzi, asiyejua Kiingereza vizuri na asiyekuwa na habari kwamba mtu aliyesimama mbele yake atakuja kuandikwa katika vitabu, ameandika kwa jinsi alivyosikia: William Bradford, wa Austerfield, mfumaji wa nguo nzito za pamba na kitani, umri miaka 23, mkazi wa Leiden, ambaye anasema kwamba hana wazee. Na msichana ni Dorothy May, umri miaka 16, wa Wisbech.

Msomaji naomba aipime sanadi hiyo. Shahidi ni karani aliyekuwapo. Msemaji ni mwenyewe mwenye jina. Hati imeandikwa siku ile ile. Hapana kizazi kilichotaka kujifaharisha wala mnunuzi wa shajara. Umri wa miaka 23 unaoana na ubatizo wa Machi 1590. Neno la kutokuwa na wazee linaoana na maziko mawili ya Austerfield. Na jina la kijiji, ambalo mpiga chapa wa London angekuja kulipotosha miaka 89 baadaye, limekaa pale salama ingawa kwa tahajia ya kigeni. Vipande viwili vya hati, vimetengwa na bahari, vimeandikwa kwa lugha mbili na watu wasiojuana, vinashuhudia jambo moja. Hiyo ndiyo habari sahihi, na usiku ule ule niliinakili neno kwa neno nikaipeleka Massachusetts.

Leiden sikukaa sana. Niliiona njia ya Kloksteeg mkabala wa kanisa la Pieterskerk, ambapo kasisi wao John Robinson alikuwa akiishi na kuwakusanya, naye alizikwa katika kanisa lile mwaka 1625 bila ya kuiona Marekani. Na nilijua kwamba Bradford, alipotimiza miaka 21, aliiuza mirathi yake ya Uingereza, akanunua nyumba mjini hapo na kuandikwa raia. Hapo kuna jambo ambalo wazawa wake hawapendi kulitafakari: gavana aliiuza Austerfield kwa hiari yake, na hakuna mahali katika kitabu chake anapoililia. Sisi ndio tunaolilia kwa niaba yake.

Baadaye niliitwa Massachusetts kuikabidhi kazi yangu kwa mkono. Mwenyeji wangu alinipeleka Plymouth, na jambo la kwanza tuliloliendea, kama waliendeavyo wote, ni jiwe. Limewekwa chini ya banda la nguzo kandokando ya maji, limechongwa tarakimu 1620, nalo husemwa kwamba ndilo walilokanyaga wasafiri waliposhuka. Nilimwuliza sanadi yake. Akatabasamu, kwa kuwa aliijua: mwaka 1741, yaani miaka 121 baada ya kushuka kwao, mzee Thomas Faunce, aliyekuwa amepita miaka 90, alipelekwa ufuoni akaliaga jiwe lile kwa machozi, akisema kwamba ndilo alilooneshwa na wazee wake. Na baba yake Faunce hakuja na Mayflower. Alikuja mwaka 1623. Kitabu cha Bradford, aliyekuwapo, hakina neno juu ya jiwe. Mwenyeji wangu akasema, "Dhaifu?" Nikasema, "Dhaifu, Bibi, lakini imezungushiwa nguzo nzuri."

Kuhusu Dorothy, yule msichana wa Wisbech, nilikuta habari mbaya zaidi. Alikufa Desemba 1620, merikebu ikiwa imetia nanga na mumewe yuko pwani akitafuta mahali pa kukaa. Mather anasema kwamba alianguka majini akazama. Mumewe hakuandika juu ya kifo chake ila kwamba alikufa mara baada ya kufika. Basi mwaka 1869 mwandishi wa hadithi, Jane Austin wa Marekani, akatunga katika gazeti kisa cha kwamba Dorothy alijitupa kwa huzuni ya mapenzi, na kisa hicho, kwa kuwa ni kitamu, kimeaminiwa na kunakiliwa na watu wasiojua kwamba kimetoka kichwani mwa mtungaji. Mwana wa pekee wa Dorothy, John, aliyeachwa Leiden na akaja baadaye, hakuacha mtoto. Wazawa wote wa gavana wanaojulikana leo wametokana na mke wa pili, Alice Southworth aliyezaliwa Carpenter, kwa wana wawili, William na Joseph. Na miongoni mwao alikuwamo Noah Webster, mtungaji wa kamusi. Chama cha wazawa wa Mayflower, kilichoundwa mwaka 1897, hakimkubali mtu mpaka alete hati kwa kila kizazi, kiungo kwa kiungo. Shajara ya mwenyeji wangu imekamilika, na katika kufurahi kwake alisahau kwamba hawezi kusimama kwa muda mrefu.

Boston nilioneshwa picha za kurasa za kitabu cha gavana. Kilipotea Marekani wakati wa vita vya kujitenga na Uingereza, kikagunduliwa mwaka 1855 katika maktaba ya Askofu wa London huko Fulham, na kikarudishwa Massachusetts mwaka 1897. Kurasa zake za mwanzo amezijaza maneno ya Kiebrania na maana zake, kwa mkono wa mzee anayejifunza. Kwani katika uzee wake alitamani kuijua lugha ya manabii. Mimi niliyesomeshwa Kiarabu nilitambua jamaa wengi katika orodha ile, na nikapata kumwona, kwa mara ya kwanza katika safari yote, mtu aliye hai nyuma ya nasaba: gavana mwenye shughuli za koloni zima, anajiandikia msamiati kama mtoto wa chuoni.

Haitakuwa insafu kuondoka Plymouth bila ya kuwataja wenyeji. Mahali palipojengwa mji ule palikuwa na kijiji cha Patuxet, cha Wawampanoag, ambacho maradhi ya miaka ya 1616 hadi 1619 yalikifagia chote. Na Tisquantum, aliyewafundisha wageni kupanda mahindi, aliponea kwa sababu alikuwa ametekwa mwaka 1614 na nahodha wa Kiingereza, Thomas Hunt, akapelekwa kuuzwa Hispania, na aliporudi akawakuta watu wake wamekwisha. Wawampanoag wako bado, Mashpee na Aquinnah, na nasaba zao ziko. Yeyote anayemwita Bradford wa mwanzo katika nchi ile na akaishia hapo, shajara yake imekatika mahali ambapo ushahidi haujakatika, na hilo ni kosa sawasawa na kuirefusha mahali ulipokatika.

Hukumu yangu, baada ya kuyaona hayo yote, ni kwamba heshima ya nasaba haimo katika urefu wake wala katika ukubwa wa aliyefikiwa mwishoni, imo katika kusimama pale aliposimama shahidi. Shajara inayokoma kwa mkulima wa Austerfield aliyetozwa kodi mwaka 1575 ina utukufu kuliko inayofika kwa mfalme kwa daraja la karatasi za kununua. Nasi, ambao wazee wetu wanaondoka kila mwaka na habari zao vifuani, tuna kazi ambayo haingoji safari ya ng'ambo. Nenda kwa bibi yako wiki hii na daftari. Muulize jina la mama yake na la mama wa mama yake, na mahali walipozaliwa na walipozikwa, bara kama ni bara, pwani kama ni pwani. Andika alichokwambia, uandike na jina lake yeye aliyekwambia, na tarehe. Na asilolijua liachie nafasi tupu, usilijaze.